Usiuze hiyo Silvertone, mkuu

Mkuu, umesema jirani aliyehama kakuachia gitaa la umeme la Silvertone 1449 na kasha lake, halafu kijana wa dukani akaliita gitaa takataka la hadibodi (ubao wa mbao zilizosagwa na kushindiliwa), eti uuze uongezee hela ununue jipya. Ngoja kwanza.

Mimi ninalo kama hilo mwaka wa tisa sasa, nililikuta duka la rehani huku Ohio. Kuhusu hadibodi kijana hajadanganya. Ni fremu ya mbao iliyogandishwa hadibodi mbele na nyuma, ubavuni kukazungushwa utepe wa plastiki kuficha maungio. Ndani kuna uwazi. Gonga kwa kidole utadhani unabisha hodi kabatini. Nathan Daniel, mwenye kampuni ya Danelectro kule New Jersey, alilitengenezea duka la Sears magitaa haya ya Silvertone kwa ajili ya watu wasio na hela. Ndiyo maana kasha lenyewe ndilo amplifaya (kikuza sauti), na spika yake ya inchi 8. Kiwanda kilifungwa 1969.

Sasa vile vimirija vinavyong'aa chini ya nyuzi, yaani pikapu zinazonasa sauti ya nyuzi. Ni vifuko vya lipstiki, sikutanii! Ndani mna sumaku na waya uliozungushwa, basi. Sauti yake ni nyembamba, ina kengele, kila uzi unasikika peke yake. Kwa sisi tuliozoea kupiga rizimu kwenye dansi, hapo ndipo mahali pake: besi inapita chini, wewe unachekecha juu, hamgombani. Ukiweka swichi katikati, pikapu mbili zinaungana mfululizo, moja nyuma ya nyingine, na sauti inanenepa ghafla.

Kosa langu lilikuwa daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Kile kijiti cha mbao hakishiki tuni vizuri ukipanda juu shingoni, fundi mmoja akanishauri niweke la chuma. Tuni ikanyooka, kengele ikafa. Bahati kijiti kilikuwa bado kwenye droo ya vijiko. Nikakirudisha, na kila nikibadili nyuzi nakisogeza kwa kidole gumba.

Wewe kagua shingo tu. Chuma cha ndani yake hakina skrubu ya kurekebishia, kwa hiyo ikiwa imepinda kweli, hapo tutaongea mengine. Na hiyo amplifaya usiichomeke kwenye umeme kabla fundi anayejua redio za valvu hajaifungua. Kapasita (vihifadhi umeme) za miaka ya 60 hazina urafiki.

Ukiona bado unataka kuuza, nitumie ujumbe mimi kwanza. Kasha langu limevunjika bawaba.