Wanajua sindano, wanashindwa na machozi

SWALI: Mimi ni mkufunzi wa uuguzi. Wanafunzi wangu humhudumia mwanasesere wa mazoezi bila kosa, lakini ndugu wa mgonjwa akilia au kufoka wodini, baadhi yao huduwaa na wengine hujibu kwa ukali. Je, akili hisia inafundishika katika maabara ya mazoezi, au mtu huzaliwa nayo?

JIBU: Inafundishika, ndugu mkufunzi. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer, walioifafanua dhana hii mwaka 1990, waliieleza kuwa ni uwezo wa kufuatilia hisia za mtu mwenyewe na za wenzake, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Na uwezo hukua kwa mazoezi. Tatizo ni kwamba mwanasesere, hata awe na mapigo ya moyo, hamkasirikii mwanafunzi. Kwa hilo anahitajika mtu. Daktari Howard Barrows alianza kuwatumia watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa huko Marekani mwaka 1963, na njia hiyo inawafaa wauguzi vilevile.

Mfunze mwigizaji awe binti aliyefiwa na mama yake muda mfupi uliopita. Mwanafunzi akiketi, akanyamaza na kusikiliza, binti apoe kidogo kidogo. Akijificha nyuma ya istilahi za kitabibu, apandishe sauti. Kabla ya kuanza, waambie wanafunzi kwamba zoezi hili halina alama, na aliyefiwa karibuni aruhusiwe kutoshiriki bila kutakiwa kujieleza.

Hata hivyo, mafunzo yenyewe hasa yamo katika mazungumzo yanayofuata, na hapo ndipo ninapoona wakufunzi wengi wakiharakisha. Igizo la dakika kumi linastahili mazungumzo marefu kuliko lenyewe. Usianze na orodha ya makosa, muulize kwanza, "Ulihisi nini alipokufokea?" Mwanafunzi anayeweza kusema kwamba koo lilimkauka na akatamani kutoka chumbani ameanza kuitambua hofu yake, na mara nyingi ni hofu hiyo iliyojitokeza kama ukali. Kisha mwigizaji aeleze alivyojisikia alipojibiwa bila kutazamwa, kwa kuwa maneno hayo humwingia mwanafunzi kuliko maelezo ya mwalimu yeyote. Baada ya hapo, mwanafunzi yuleyule alirudie igizo lilelile, kwani akiondoka na kumbukumbu ya kushindwa tu, atazidi kuwaogopa ndugu wa wagonjwa.

Nakusihi pia usimhesabu aliyetokwa na machozi kuwa ameshindwa. Hatuwafundishi kuficha hisia, na muuguzi anayelazimika kuigiza utulivu kila siku huchoka upesi. La kuangalia ni kama, pamoja na machozi yake, aliendelea kumsikiliza binti yule na kumweleza kwa lugha nyepesi hatua inayofuata.