Kuhusu “take off” na “run out” katika Kihispania
Ndugu, umeuliza kwa nini kamusi inatoa vitenzi vingi vya Kihispania kwa “take off” moja ya Kiingereza. Maana yake huamuliwa na kinachozungumziwa: ndege ikipaa ni “despegar”, mtu akivua koti ni “quitarse”. Kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kufungua kamusi.

Jambo zito zaidi ni mwelekeo wa mwendo, kwani kile ambacho Kiingereza hukieleza kwa neno dogo linalofuata kitenzi, Kihispania kwa kawaida hukitia ndani ya kitenzi chenyewe, kisha namna ya mwendo ikafuata: “run out”, yaani kutoka mbio, huwa “salir corriendo”. “Run out” ikiwa na maana ya kuisha, hata hivyo, kama maziwa yakiisha, utaandika “se acabó la leche”.