CRP imepanda: je, ni kipimo cha ugonjwa wa goti?

SWALI: Assalamu alaikum, Daktari. Mama yangu ana miaka 71, nasi twaishi Mkomani, mjini Lamu. Magoti humuuma apandapo ngazi na anapoinuka kutoka kwenye sijida, na eksirei imeonyesha kwamba nafasi kati ya mifupa imepungua. Damu ilipopimwa, ESR ilikuwa milimita 34 kwa saa na CRP miligramu 7 kwa lita, zote zimetiwa nyota ya kuzidi kikomo. Kipimo cha RF, cha kutafuta baridi yabisi, hakikuonyesha kitu. Je, CRP ndiyo inayoonyesha ukubwa wa ugonjwa? Na nimpeleke Mombasa kwa vipimo vya gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) nilivyovisikia?

JIBU: Waalaikum salaam, dada. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopata maambukizi au uvimbe popote pale, kwa hiyo peke yake haisemi kama chanzo ni goti, fizi au njia ya mkojo. Katika osteoathritisi, ambapo gegedu husagika huku mfupa na utando wa kiungo nao wakibadilika, CRP aghalabu hubaki chini au hupanda kidogo tu, na hata inapopanda huambatana zaidi na maumivu kuliko na picha ya eksirei. Isitoshe, mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni, hutoa kemikali zinazolichochea ini kuitengeneza, hivyo mtu mnene anaweza kuwa na CRP ya 7 bila goti kuhusika. (Hukuniandikia uzito wa mama, nami ningependa kuujua kabla ya kipimo kingine chochote.)

ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kushuka chini ndani ya kichupa, nayo hupanda kwa umri. Kwa wanawake, kanuni ya haraka ni kujumlisha 10 kwenye umri kisha kugawanya kwa 2. Kwa miaka 71 kikomo huwa karibu 40, na mama yuko chini yake. Karatasi ya maabara yenye kikomo kimoja kwa kijana na kwa mzee huwatia watu hofu bure.

Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine, si kuthibitisha kusagika kwa goti, ambako hutambulika kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kumpima kwa mikono. Viungo vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au vifundo vya mikono na vidole vikavimba, tungefikiria baridi yabisi, ugonjwa ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo, na kuomba kipimo kingine chake, anti-CCP, kwa sababu RF hukosekana kwa baadhi ya wagonjwa na huonekana kwa baadhi ya wazee wazima wa afya. Kwa mtu wa Lamu ningeuliza pia kuhusu chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iliyowapata watu wengi sana hapo mwaka 2004 na ambayo huweza kuacha maumivu ya viungo kwa muda mrefu. Ila kingamwili zake hukaa mwilini miaka mingi, kwa hiyo kuzikuta leo hakuthibitishi kwamba chikungunya ndiyo chanzo cha maumivu ya leo.

Vipimo vya gegedu ulivyovisikia, kama COMP ya damu na CTX-II ya mkojo, vinavyopima mabaki ya gegedu, vipo kweli, lakini ni vya watafiti wanaolinganisha makundi ya watu. Hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kumwambia mgonjwa mmoja hali ya goti lake, na jibu lolote lisingebadilisha matibabu. Nauli ya Mombasa ibaki mfukoni.

Kipimo ambacho hamkufanya, nacho ndicho ninachokihitaji, ni kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wengi hujinunulia duka la dawa, huweza kumdhuru mzee figo na tumbo na kumpandisha presha. Pimeni pia wekundu wa damu na sukari. Wakati huo mama aanze na diklofenaki ya kupaka, aswali juu ya kiti siku za maumivu makali, na afanye mazoezi ya kuinuka na kuketi polepole ili misuli ya paja ipate nguvu. Kama ana uzito wa ziada, utafiti umeonyesha kwamba kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na mama akapata homa, msingoje majibu ya damu: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, maji ya ndani ya goti yavutwe kwa sindano na kupimwa.