Majivu, chokaa na mbuzi: maswali yenu kuhusu azalea na rododendroni

Tangu mvua ianze, mfuko wa maswali umejaa azalea, kile kichaka cha maua. Wachache wameuliza kuhusu rododendroni wakidhani ni mmea tofauti kabisa. Wataalamu wa mimea huziweka azalea ndani ya jenasi hiyo hiyo ya rododendroni, yenye spishi zaidi ya 1,000, na hakuna hata moja iliyo ya asili ya Afrika. Kwa hiyo jibu la moja mara nyingi litamfaa na mwenye nyingine.

Nilinunua azalea kando ya barabara ikiwa imejaa maua. Sasa ni mwezi wa nne, majani yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Nimeitia mbolea ya CAN mara mbili na kila jioni naimwagilia maji ya kisima. Nakosea wapi? (Section 58, Nakuru)

Bidii unayo, tena kupita kiasi. Jani la manjano lenye mishipa ya kijani linalilia madini ya chuma. Chuma huenda kimo tele udongoni mwako, ila azalea hukifyonza vizuri pale tu udongo una asidi, pH (kipimo cha asidi) ya kati ya 4.5 na 6. Asidi ikipungua, chuma hujifunga na mizizi haikipati. CAN kwa kawaida ina chokaa ndani yake, kwa hiyo iachie mahindi. Nayo maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana magadi kiasi (ziwa lenyewe hapo chini ni la magadi, usishangae), na kila ndoo unayomwaga inapunguza asidi.

Na majivu ya jiko mnamwaga wapi? Mche wangu wa kwanza niliuua hivyo. Kwetu majivu yalikuwa dawa ya kila kitu: sukumawiki, siafu, choo. Nami nikawa naukarimu mche konzi mbili kila Jumamosi nikidhani naulisha. Haukumaliza mwaka.

Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, uyaweke kwa ajili yake. Mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani inapatikana agroveti na itarudisha kijani, lakini hiyo ni panadol tu. Tiba ni salfa ya unga, kidogo kidogo, ambayo vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi kwa miezi kadhaa. Siki, ambayo najua jirani ameshakushauri, inaweza kuunguza mizizi na nguvu yake huisha upesi. Ningekuwa wewe, mche ukiwa bado mdogo, ningeuhamishia kwenye chungu chenye matundu, ndani yake majani ya msonobari yaliyooza na mchanga, nikaanza upya.

Bwana shamba ametuambia tutie chokaa shambani. Mama watoto ana azalea ukingoni mwa mahindi na amekataa katakata. Nani yuko sahihi? (Kakamega)

Wote wawili, na usimwambie nimekwepa. Mvua nyingi ya huko kwenu imeosha kalsiamu kwa miaka na miaka, udongo ukabaki na asidi ambayo mahindi hayaipendi. Udongo huo huo unaomnyima mkulima gunia ndio azalea inaoutafuta. Wekeni chokaa kwenye mahindi, mradi azalea yake isiwe upande wa chini wa mteremko, maana mvua itamshushia yote.

Akitaka kipimo cha bei nafuu, apande haidranjia karibu. Kwenye udongo wa asidi hutoa maua ya buluu, asidi ikipungua huelekea waridi. Zipo nyeupe ambazo hazibadiliki, hizo hazitamwambia kitu.

Nataka rododendroni kubwa, zile za kufika dirishani kama kwenye picha za Uingereza. Nianzeje? (Kisumu)

Usianze. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa joto. Zile kubwa za kwenye picha asili yake ni milima ya Asia, kama Himalaya, na zinahitaji baridi. Zipo za kundi la vireya, kutoka milima ya Borneo na New Guinea, zisizohitaji majira ya baridi, lakini nazo ni za mlimani. Kama udongo wako ni ule mweusi wa tambarare ya Kano unaoshika maji, mizizi itaoza kabla hujaona ua. Azalea moja kwenye chungu, ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana, unaweza kujaribu. Dirishani panda bogenvilia.

Mbuzi wangu wawili wamekata kamba wakala azalea ya jirani. Mmoja anatokwa na povu. Ni sumu? (Mbale, Vihiga)

Ni sumu, mama, na nimekujibu kwa simu kabla ya kuandika hapa. Narudia kwa faida ya wengine. Majani ya jamii hii yana sumu inayovuruga moyo na neva. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huanza kutoa mate na povu, hutapika jambo ambalo mbuzi hafanyi hivi hivi, hulegea, hujaa tumbo. Dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, kwa hiyo yule wa pili anayeonekana mzima naye ahesabiwe mgonjwa. Waondoe kwenye majani hayo, mwite daktari wa mifugo, na usimnyweshe kwa nguvu mnyama anayetapika, maji yatamwingia mapafuni. Matawi yaliyopogolewa yafukiwe au yachomwe. Mengi ya maafa haya hutokea mtu akitupa matawi upande wa pili wa uzio, mifugo wakadhani wameandaliwa.

Yangu imestawi kabisa, hapa baridi ipo. Naipogoa lini, na je, naweza kumgawia dada yangu? (Mwalimu mstaafu, Molo)

Mwalimu, ipogoe mara tu maua yanaponyauka. Ukingoja miezi, utakuwa unakata macho ya maua yajayo. Maua makavu yavunje kwa vidole, taratibu, kwa sababu chipukizi liko chini yake tu. Usipalilie kwa jembe, mizizi yake iko juu juu. Tandaza majani makavu, magugu yang'oe kwa mkono.

Kumgawia dada, njia ya uvivu ndiyo nzuri. Chukua tawi la chini, likwaruze kidogo upande wa ardhini, lilaze, lifukie katikati, ulikandamize kwa jiwe, ncha ibaki nje. Linaweza kuchukua mwaka au zaidi kutoa mizizi ya kutosha. Ukilivuta kidogo likakataa kutoka, likate kwenye mama yake umpelekee. Mwambie alipande juu juu kama lilivyokuwa, asilizamishe.