Usichomelee pedali ya gia kwenye shafti, nakusihi

Usiende. Hiyo Jumamosi usiende kabisa.

Umeandika hapa jukwaani kwamba pikipiki ya Honda CG125 aliyokuachia marehemu babu yako pedali ya gia inateleza, gia ya pili inaruka, taa ya nyutro haiwaki, unataka kujua utie oili gani, halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukasema fundi amekuambia uilete Jumamosi aichomelee pedali kwenye shafti kwa elfu tano. Hapo ndipo moyo ulinipasuka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, hapahapa Tanga, mwaka 2015, kwa elfu tano hiyohiyo.

Yangu ni CG125 pia, niliipata kwa baba mdogo aliyekuwa akizungukia nayo mashamba ya mkonge. Ilianza kama yako. Nakanyaga, pedali inashuka, gia haiingii. Nikakaza bolti inayobana pedali kwenye shafti, ikatulia wiki moja, ikarudia. Nikakaza tena, na tena, mpaka nyuzi za bolti zikaliwa. Siku moja natoka Muheza na gunia la machungwa nyuma, nafika Pongwe, pedali inazunguka bure kabisa, pikipiki imebaki gia ya tatu. Nilikuja nayo hivyohivyo mpaka mjini, klachi inanuka.

Fundi wa Ngamiani niliyemwendea ni mtu mzima mwenye heshima zake, vijana wote pale wanamwita mwalimu. Aliitazama mara moja tu, hakuigusa. "Nikiichomelea hii utazeeka nayo." Akabana waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea kwenye kikanyagio cha mguu, betri hakuitoa, akapiga moto. Dakika tatu, kazi imekwisha, tukapeana mikono.

Miezi miwili nilitembea raha mustarehe. Kisha asubuhi moja nikakuta tone la oili chini, upande wa kushoto. Kesho yake matone. Nyuma ya pedali, pale shafti inapotokea kwenye kava, kuna sili ya mpira. Ule moto ulikuwa umeikausha mpaka ikapasuka. Sili yenyewe wakati ule ilikuwa kitu cha elfu moja na mia tano. Lakini kuibadilisha lazima kwanza uvue pedali, na pedali yangu haivuliki, imekuwa kitu kimoja na shafti. Nikawa kila Ijumaa naongeza oili kama mtu anayemwagilia mchicha.

Mwezi wa nne tangu ichomelewe ikakatika springi ya kurudisha pedali. Hapa nisome taratibu, mdogo wangu, maana ndipo pesa ilipokwenda.

Shafti ya gia haiishii pale unapoiona. Inaingia kushoto, inapita ndani ya tumbo la injini, inatokea upande wa kulia nyuma ya klachi. Huko kulia ina mkono wake uliofungwa moja kwa moja, ndio unaovuta ngoma ya gia, ile inayobadilisha gia huko ndani, na ile springi imekaa hapohapo. Kwa hiyo shafti hutolewa kwa kuvutwa kulia tu. Unamwaga oili, unafungua kava la kulia, unatoa klachi, unavua pedali kule kushoto, unaivuta, inakuja. Injini haipasuliwi, ni kazi ya nusu siku. Sasa ukishachomelea pedali kushoto, umeigeuza shafti kuwa ribiti. Kulia haitoki kwa sababu ya pedali, kushoto haitoki kwa sababu ya mkono.

Tukaikata kwa grainda. Shafti pamoja na meno yake, yale ya nchani ambayo pedali huyashika, ikawa chuma chakavu. Unga wa chuma uliruka kila mahali, ikabidi kusafisha ndani na kumwaga oili mara mbili ili usije ukala beringi. Shafti nyingine, springi, sili, gasketi, oili, ufundi. Na rekitifaya juu yake, kile kifaa kinachoandaa umeme wa kuchaji betri, maana tangu siku ile ya kuchomelea betri ilikuwa haijai vizuri, nami sikuwa nimeunganisha mambo mpaka fundi wa umeme aliponiuliza kama pikipiki iliwahi kuchomelewa bila kutolewa betri. Jumla ilipita laki moja na themanini. Pedali mpya siku ile ilikuwa dukani kwa elfu nane.

Elfu nane! Na yule mwalimu alijua. Mtu aliyefungua injini hizi miaka yote anajua shafti inatoka upande gani. Nilipomrudia aliniambia, "Pikipiki ya zamani ndivyo ilivyo." Si kweli. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 ikiwa na injini nyepesi kutengenezeka, isiyotaka matunzo mengi, na Wachina wakaiiga injini hiyohiyo kwenye bodaboda nyingi unazoziona leo stendi ya Kange. Ndiyo maana pedali, sili na springi zake hazijawahi kuadimika. Kuizeesha pikipiki kwa moto halafu ukasema imezeeka yenyewe, hilo mimi silisamehe.

Mke wangu anasema naongea habari ya pedali kuliko ninavyoongea naye. Sawa, lakini yeye hajawahi kuendesha pikipiki kwa gia ya tatu tupu kutoka Pongwe!

Usiku huu fanya hivi, huhitaji fundi. Chukua chaki, piga mstari mmoja kwenye kichwa cha shafti uendelee mpaka kwenye pedali. Kanyaga. Mstari ukiachana, pedali inateleza juu ya meno na ndani ya injini pengine hakuna ubaya wowote. Kisha tazama ule ufa wa pedali, pale bolti inapobania. Kama pande zake mbili zimeshakutana na pedali bado inacheza, pedali imekwisha. Hata ukikaza na mbuyu mzima haitabana, kwa sababu hakuna nafasi tena ya kubania. Wengine hupitisha msumeno kwenye ufa kuupanua. Kwa kufika nyumbani inafaa, si zaidi.

Bolti itoe yote, kwa spana namba 10, usiilegeze tu ukaanza kuvuta. Shafti ina mfereji na bolti hupita humo, ndiyo inayoizuia pedali isichomoke. Wengi hawalijui hilo, wanapiga nyundo. Ikitoka, sugua meno ya shafti kwa brashi na petroli kidogo, kwa sababu upepo wetu huu wa bahari unayajaza kutu na kutu hiyo ndiyo inayomdanganya mtu kwamba meno yamekwisha. Chuma cha shafti kwa kawaida ni kigumu kuliko cha pedali, kinacholiwa kwanza ni pedali. Tia pedali mpya, bolti mpya, kaza, endesha siku mbili, kaza tena.

Meno ya shafti yakiwa yamekwisha kweli, badilisha shafti, kwa njia niliyokueleza. Najua ni kazi. Bado si moto.

Na gia ya pili kuruka, usikubali mtu akuambie injini ipasuliwe kabla hujatia pedali mpya. Pedali inayoteleza haifikishi mwendo wote, gia inaingia nusu, ukiongeza kasi inajitoa. Yangu ilikuwa inaruka vivyo hivyo na iliacha yenyewe. Ikiendelea baada ya pedali kukaza, hapo tutazungumza habari ya uma za gia, vile vyuma vinavyosukuma gia ndani ya injini, na meno ya gia zenyewe.

Wewe uliyemjibu hapo juu "chomelea tu, yangu ina miaka mitatu", nakuomba utazame chini ya kava la kushoto kesho asubuhi kabla hujawasha.

Mdogo wangu, ivue leo hii. Upige picha ule ufa kwa karibu, na meno ya shafti baada ya kusugua, uziweke hapa. Nalala saa sita.