Maswali ya Wasomaji: Chenso na Mashine za Kupasua Mbao Katika Baridi, Mvua na Joto Kali

*Shikamoo fundi. Mimi ni mkataji wa magogo katika kijiji kimoja cha Makete, upande wa Kitulo. Chenso yangu ilinunuliwa na kuwekwa sawa Dar es Salaam, na tangu nilipofika nayo huku inatoa moshi mzito na haina nguvu. Tena, asubuhi za Juni na Julai inawaka vizuri, inafanya kazi dakika chache, halafu inazimika; nikiiacha ipumzike inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Fundi wetu amebadilisha plagi na kuongeza oili kwenye petroli, lakini hali ni ileile. Mwenzangu ananishauri nigeuze skrubu za kabureta. Je, nifanye hivyo? Mwezi wa tisa tunakwenda Lindi kwa kazi nyingine.*

Marahaba, kijana wangu. Chenso yako, yaani msumeno wako wa mnyororo, una magonjwa mawili, na waliokusaidia wamekuwa wakiyatibu kana kwamba ni moja.

La kwanza linatokana na mwinuko. Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyowekwa sawa Dar es Salaam inaendelea kumimina petroli ya Dar es Salaam ndani ya hewa ya Makete, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi mno: moshi unazidi, plagi inakuwa nyeusi na yenye unyevu, na injini inanguruma kwa sauti nzito iliyokatikakatika badala ya kulia sawasawa. Hata baada ya kabureta kurekebishwa vizuri, usitarajie nguvu zote za pwani, maana injini ya namna hii hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, na hakuna skrubu inayoweza kurudisha hewa ambayo haipo.

Mwenzako kwa hiyo hakukosea kabisa, ila amekuanzishia mwisho. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, safisha chujio la hewa, kagua chujio la petroli ndani ya tanki, hakikisha kwamba mnyororo una makali, kisha uache injini ipate moto wake wa kawaida. Baada ya hapo skrubu yenye herufi H, ambayo husimamia mchanganyiko wa mwendo wa kasi, igeuzwe kidogokidogo kuelekea upande wa saa, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha msumeno wako, na ni vyema kazi hiyo afanye fundi mwenye kipimo cha mizunguko ya injini. Misumeno mipya yenye kabureta inayojirekebisha yenyewe haihitaji kazi hii. Kama wako ni wa aina hiyo, kasoro iko kwingine.

Kuhusu oili aliyoongeza fundi wenu, iondoeni. Kama oili yako imetengenezwa kwa kiwango cha 50 kwa 1, basi ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli, uwe Makete au uwe Lindi, wakati wa baridi au wa joto. Wengi hudhani oili zaidi ni ulinzi zaidi, wakati kila tone la oili linalozidi linachukua nafasi ya petroli, na matokeo yake ni masizi kwenye plagi na egzosi.

Ugonjwa wa pili, ule wa kuzimika na kuwaka tena, ni barafu ndani ya kabureta. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye hewa na kwenye chuma kinachoizunguka. Ikiwa hewa yenyewe tayari ni ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, na ina unyevu mwingi kama ukungu wenu wa asubuhi, unyevu huo huganda kwenye koo la kabureta na kuziba njia. Injini inazimika, joto la silinda linaenea hadi kwenye kabureta, barafu inayeyuka, na wewe unabaki ukiilaumu plagi. Ugonjwa huu hauhitaji baridi ya chini ya sifuri. Nyuzi 5 zenye ukungu ni hatari kuliko nyuzi 5 kavu. Misumeno mingi ya kazi nzito ina kizibo kidogo kati ya silinda na chumba cha kabureta, chenye alama ya jua upande mmoja na ya chembe ya theluji upande wa pili. Kukiweka upande wa theluji kunaruhusu hewa ya moto kutoka kwenye silinda iingie kwenye kabureta. Hewa ikishapata joto mchana, kirudishe upande wa jua, la sivyo injini itapata joto kupita kiasi.

Sasa nikuonye kuhusu Lindi, maana huko ndiko kwenye hasara kubwa kuliko yote uliyoniandikia. Hewa ya pwani, ingawa ina joto, ni nzito kuliko hewa ya asubuhi ya Makete kwa takriban robo. Kabureta iliyobanwa kwa ajili ya mlimani itatoa petroli pungufu huko chini, injini italia kwa sauti nyembamba na kukimbia kuliko kawaida, mwendeshaji atafurahi kwamba msumeno "umechangamka", na kwa kuwa oili inayolainisha pistoni inakuja pamoja na petroli hiyo hiyo iliyopungua, pistoni itakwaruzika na injini itanoki, yaani itakwama. Kabla ya gogo la kwanza la Lindi, ifungue tena skrubu hiyo ya H na uipime upya palepale.

*Ndugu mwandishi, tunapasua misonobari kwa mashine ya dingdong (msumeno wa duara unaohamishika) huko Mufindi. Mvua zikianza mbao hazitoki na unene mmoja, msumeno unayumba, mkanda unateleza, na magogo tunayoyaacha wiki mbili yanaingia rangi ya bluu. Je, tusimamishe kazi hadi Mei?*

Hapana, lakini msifanye kazi ya mvua kwa mazoea ya kiangazi. Anzeni na ardhi. Mashine yenu inasimama juu ya udongo uliolowa, na kwa mtikisiko wa injini ya dizeli miguu yake inazama, tena haizami sawasawa. Reli ikiinama kwa milimita chache tu, ubao utatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Iwekeni juu ya mataruma ya mbao nzito, chimbeni mfereji wa kuondoa maji, na muipime kwa pimamaji kila asubuhi na kila baada ya mvua kubwa, sio siku ya kuifunga peke yake.

Kuyumba kwa msumeno na kuteleza kwa mkanda mara nyingi ni tatizo moja. Mkanda uliolowa ukiteleza, msumeno unapunguza mwendo ukiwa ndani ya gogo, meno yanasugua badala ya kukata, ukingo unapata moto na kutanuka kuliko sehemu ya katikati, na bamba la chuma linaanza kucheza. Jengeni kipaa cha mabati juu ya injini na mkanda, fungeni kinga ya mkanda, na asithubutu mtu kumwaga unga wa mbao au mchanga juu ya mkanda unaozunguka ili "ushike". Nimeona desturi hiyo na ninaichukia, kwa kuwa inakula mkanda na inaweza kula mkono pia. Magogo yaliyoburutwa kwenye tope yanakuja na kokoto ndogo ndani ya magamba, kwa hiyo yaoshwe au yamenywe kabla ya kupanda kwenye mashine. Gharama ya kijana mmoja mwenye panga ni ndogo kuliko ya kunoa msumeno kila saa.

Rangi ya bluu ni kuvu. Haidhoofishi ubao kiasi cha kuutia hatarini, lakini inaushusha bei, na dawa yake ni haraka: msikate miti mingi kuliko mnayoweza kupasua ndani ya siku chache, na mbao zikishapasuliwa zipangwe siku hiyohiyo juu ya ardhi, chini ya paa, zikitenganishwa kwa fito ili upepo upite.

Hamkuuliza kuhusu radi, ila nitalijibu. Mkiona umeme wa radi na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu sekunde 30, zimeni mashine, ondokeni chini ya miti mirefu na mbali na chuma, na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

*Fundi, mimi niko Tabora. Mwezi wa kumi, jua likiwa kali, chenso ikizimwa kwa ajili ya kujaza mafuta haitaki kuwaka tena mpaka ipoe. Juzi nilipofungua kifuniko cha tanki petroli ilinirukia kifuani. Je, ni petroli mbovu?*

Huenda petroli ni nzuri kabisa. Injini ikizimwa ghafla ikiwa na moto mkali, feni nayo inasimama, joto la silinda linahamia kwenye kabureta, na petroli inachemka ndani ya mirija. Mvuke huo ndio unaozuia mafuta kupita. Iache injini izunguke polepole kwa dakika moja hivi kabla ya kuizima, iweke kivulini, na safisha mapezi ya silinda, ambayo kwa kawaida huzibwa na unga wa mbao uliochanganyika na oili. Angalia pia kinachotoka kwenye mkato: kama ni vumbi badala ya vipande, mnyororo umepoteza makali, na injini inafanya kazi ya ziada katika mti mgumu kama mninga.

Petroli kukurukia ni jambo zito zaidi. Tanki lenye moto lina mgandamizo, na ukilifungua petroli huruka kama chemchemi juu ya egzosi yenye moto na nguo zako. Usifungue kifuniko hadi msumeno upoe, ukifungua ufungue taratibu, na uwashie mahali palipo umbali wa mita 3 au zaidi kutoka ulipojazia. Kwa kuwa mwezi huo majani ni makavu, msumeno wa moto uwekwe juu ya udongo mtupu, na wavu wa kuzuia cheche ndani ya egzosi usiondolewe kwa kisingizio cha kuongeza nguvu. Wewe mwenyewe kunywa maji, kikombe kimoja kila baada ya dakika 20 hivi, bila kungoja kiu.

*Naomba jibu fupi: oili chafu ya gari inafaa kulainishia mnyororo? Hapa Njombe wote tunaitumia.*

Haifai. Ina chembe za chuma zinazoua pampu ya oili, hainati kwenye mnyororo, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani, ambazo msumeno unazirusha kwenye ngozi na mapafu yako siku nzima.

*Salaam ndugu mwandishi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, sasa ninafanya kazi Finland kwenye kiwanda kidogo chenye msumeno wa utepe. Baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri utepe unapanda na kushuka ndani ya gogo, na vidole vyangu vinakuwa vyeupe baada ya kutumia chenso.*

Gogo lililoganda ni gumu kuliko lisiloganda, lakini lililoganda nusu ndilo baya zaidi, kwa kuwa utepe unapita kwenye sehemu laini na kukwepa sehemu ngumu. Pasueni yaliyoganda kabisa au yaliyoyeyuka kabisa. Tumieni utepe wenye meno yaliyoinama kidogo, nyuzi 4 badala ya 10 za kawaida, ukiwa na upanuzi mdogo wa meno, yaani yamepindwa kando kidogo tu, na maji ya kulainishia yabadilishwe kwa kimiminika cha kusafishia vioo vya magari kisichoganda.

Kuhusu vidole, usivichukulie kuwa ni baridi tu. Mtetemo ukiungana na baridi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu. Vaa glovu kavu na za joto, pumzika mara kwa mara, mwambie daktari wa kazini, na ukague mipira ya kuzuia mtetemo kwenye vishikio, maana hukakamaa katika baridi. Chenso isiingizwe kwenye chumba chenye joto halafu itolewe nje mara kwa mara. Umande unaojitokeza ndani yake utaganda. Na jioni, kabla ya kuweka chenso, legeza mnyororo: uliokazwa ukiwa na moto husinyaa na kubana unapopoa, na unaweza kuharibu upau unaouzungukia na hata mhimili wa injini.