Jinsi ya Kusikiliza Nyimbo za Kijapani Zilizorudiwa na Waimbaji wa Kiume

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza muziki wa Kijapani usiku, watoto wakishalala, na ndugu wanaonikuta nao huniuliza waanzie wapi. Huwajibu waanze na nyimbo zilizorudiwa na wanaume, hasa zile ambazo mwanzoni ziliimbwa na wanawake, kwa kuwa hapo ndipo sikio hutambua upesi kazi ya mwimbaji katika wimbo usio wake.

Mwalimu wangu katika hilo ni Hideaki Tokunaga, mwimbaji wa Japani. Alianza kurekodi mwaka 1986, na mwaka 2005 akatoa albamu ya VOCALIST, yenye nyimbo za waimbaji wa kike, mfululizo ulioendelea hadi mwaka 2015. Albamu hiyo inafunguliwa na «Jidai», wimbo wa Miyuki Nakajima wa mwaka 1975. Mara ya kwanza niliufungulia jikoni huku nikiosha vyombo, nikauona umepoa mno, nikauacha. Miezi ilipita kabla sijaurudia, safari hii nikiwa nimetulia na kuvaa hedifoni, ndipo nikaisikia pumzi: Tokunaga haisukumi sauti, bali huiacha ikonde hadi karibu kukatika, na ile pumzi anayoivuta kabla ya mstari imeachwa isikike. Nakajima, kwa sikio langu, anaimba kama anayewafariji wengine, na Tokunaga kama anayeipokea faraja hiyo. Tofauti hiyo utaipata tu ukiusikiliza kwanza wimbo wa asili, mara mbili au tatu, bila kutafuta nani kamshinda mwenzake.

Zingatia pia neno «mimi». Kwetu ni moja kwa wote, lakini Mjapani ana maneno kadhaa ya kujitaja. Boku na ore ni ya kiume, na atashi huelekea zaidi kwa wanawake. Mwanamume anayerudia wimbo wa mwanamke kwa kawaida hayageuzi maneno hayo, na waimbaji wa enka, nyimbo za huzuni za mtindo wa kizamani wa Kijapani, wamefanya hivyo tangu zamani. Anakubali kuwa mwanamke yule kwa dakika nne.

Kava, yaani wimbo uliorudiwa, inayonigusa kuliko zote, hata hivyo, ni ya Alfredo Casero, mchekeshaji wa Argentina, aliyerekodi «Shimauta» kwa Kijapani mwaka 2001. Mwaka uliofuata mashabiki wa Argentina waliufanya wimbo wao wa Kombe la Dunia, lililochezwa Japani na Korea Kusini. Ukiusikia viwanjani unaweza kuudhani wa shangwe, nami nakusihi usiishie hapo. Kazufumi Miyazawa wa kundi la The Boom aliutunga baada ya kuzuru Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na kusikia simulizi za walionusurika vita vya mwaka 1945. Ndani yake mna mawimbi, upepo, maua mekundu ya mti wa deigo, na watu wawili wanaoagana katika shamba la miwa. Kwenye ubeti huo wa miwa, Miyazawa aliiacha skeli ya Okinawa, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa huko, na kutumia ya kawaida. Sikiliza mahali hapo katika rekodi zote mbili. Utahisi ardhi ikihama chini ya wimbo.

Kava ya kundi la 4 P.M. ya «Ue o Muite Arukō», iliyovuma Marekani mwaka 1994, ina sauti zilizopangwa vizuri sana, lakini maneno yake ya Kiingereza yaliugeuza kuwa wimbo wa kuachwa na mpenzi. Kyu Sakamoto, mwimbaji wake wa kwanza, mwaka 1961, aliimba juu ya mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasidondoke. Kava hiyo ya Kiingereza isikilize baadaye. Mtangulize Jero, mzaliwa wa Pittsburgh aliyefundishwa enka na bibi yake Mjapani, na aliyepanda jukwaa la Kōhaku, tamasha kubwa la nyimbo la televisheni ya Japani la mkesha wa mwaka mpya, mwaka 2008 kama alivyokuwa amemwahidi.

Mwisho, imba mwenyewe kwa sauti. Irabu za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu kabisa kama zetu, kwa hiyo Mswahili hana sababu ya kuogopa. Andika mistari kwa herufi za Kilatini, uifuate polepole, na pale irabu inapovutwa uihesabu mara mbili. Mimi nilianza na ubeti wa miwa, mstari mmoja kila usiku, na wiki nzima ilipita kabla pumzi yangu haijafika mwisho wake.